Maziwa Ambayo Fomu Haikuyaona

Watu wakiniuliza kazi yangu ni nini, huwaambia nauza maswali. Wanacheka, lakini ndiyo kazi yenyewe. Kuna kampuni ya utafiti Nairobi, nayo ina wateja wake: wakurugenzi, wakuu wa mauzo, watu wanaokaa ghorofani kwenye kiyoyozi wakiamua nani apelekewe nini na nani aachwe. Wakitaka kujua watu wa huku kwetu wanapika kwa mafuta gani, wanafua kwa sabuni gani, kwa nini maduka ya Elwak yamejaa maziwa ya unga kutoka ng'ambo ya mpaka na siyo ya kwao, wanailipa hiyo kampuni, na kampuni inanipigia mimi. Mimi navaa buibui langu, nachukua tableti, napanda gari. Baada ya wiki chache mkurugenzi anawekewa mezani ripoti yenye rangi nzuri nzuri, na kuanzia siku hiyo anaijua North Eastern. Daraja la Tana lenyewe hajalivuka.

Sisemi kwa kuidharau kazi. Imenilisha, na naijua. Baba yangu alikuwa muuguzi, akaletwa Garissa na serikali kutoka Pwani, akapapenda, akagoma kuhama. Mama yangu mtu wa Lamu, na mpaka leo hajamsamehe kwa hili joto. Mimi nimezaliwa hapa. Kiswahili nilikipata ndani kwa mama na Kisomali nilikipata nje, uani kwa jirani, kwa hiyo nikienda sokoni hakuna anayenisengenya mbele yangu akadhani sisikii.

Shida ni maswali yenyewe. Yanaandikwa na vijana wa Nairobi ambao kwao kila mtu duniani anaishi Nairobi. Mara moja nilitumwa Diff, kule mpakani, na swali la kwanza lilikuwa: "Ukiingia supamaketi, ni kitu gani kinachokuvutia kwanza?" Mzee niliyemuuliza alifikiri sana, maskini, akitaka kunisaidia, kisha akasema, "Subamaketi ni nani?" Nikabonyeza "Hajui". Nikaja kuambiwa kwamba kwenye ripoti wateja wa Diff walionekana hawana mapenzi na bidhaa yoyote. Nilicheka mpaka machozi. Wakati ule bado nilikuwa naweza kuchekea mambo haya.

Yule jirani niliyejifunzia Kisomali uani kwake ndiye nataka kumweleza. Namwita eedo, yaani shangazi, na yeye ananiita eedo vilevile, maana kwao shangazi humwita mtoto kwa jina analoitwa naye. Si wa damu yangu. Lakini mama akienda zamu za kushona nguo kule sokoni, mimi nilikula kwa eedo, nikalala kwa eedo, nikachapwa na eedo. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia. Mumewe alipofariki alirudi kwao, kwenye kituo kimoja kidogo kando ya barabara ya kwenda Modogashe, karibu na wanawe wanaochunga. Ngamia ni wake. Kila siku ya pili alikuwa anapanda juu ya lori la asubuhi, juu kabisa, amekaa katikati ya mitungi ya plastiki ya manjano, mpaka soko la Garissa, na jioni anarudi vivyo hivyo.

Ukiona mwanamke wa umri ule juu ya lori, utasema ni mambo ya kawaida tu huku kwetu. Si ya kawaida. Mwezi wa joto maziwa yanafika yameharibika, na mteja akinusa tu anasukuma kikombe. Yakikataliwa, eedo anayamwaga mtaroni mwenyewe, kwa mkono wake, hataki mtu mwingine ayamwage. Halafu goti. Alianguka akishuka lori, akalala kitandani wiki tatu, na daktari akamwambia asipande tena. Alipanda tena, angefanya nini? Wanawe wako na mifugo, wakaza wanawe wana vichanga, na maziwa ukiyatuma bila mtu wako yanafika yametiwa maji. Siku moja aliniambia, amenyoosha mguu kwenye mkeka wa mama, "Eedo, goti hili likinishinda nitauza ngamia wa maziwa, nije nikae hapa na mamako tuvute tasbihi." Alisema kwa mzaha. Mimi nilikuwa najua kwamba mtu kama yule ukimtoa kwa ngamia wake umemmaliza.

Sasa, siku simu ilipokuja kutoka Nairobi kuhusu maziwa ya ngamia, nusura nipige vigelegele. Kampuni moja ya maziwa ilikuwa inataka kuyanunua iyauze mijini. Ilikuwa na mtambo mmoja wa kupoza maziwa, mmoja tu, na sehemu tatu za kuchagua. Ilitaka kujua ni wapi penye maziwa ya kutosha kuujaza kila siku. Palipo na maziwa, mtambo utawekwa hapo, na gari la kampuni litakuwa linakuja kuyachukua. Nikasoma majina ya sehemu zile tatu. Ya pili ilikuwa kituo cha eedo.

Fikiria wewe. Mtambo unakaa hatua chache tu kutoka nyumbani kwake. Asubuhi anakama, anabeba mtungi, anapima, anarudi kunywa chai. Lori hapandi tena maisha yake. Na mwenye kuuliza maswali ni mimi. Nilijiambia Mungu ana makusudi yake.

Tulikuwa hatuchagui wa kumhoji; ni kila nyumba ya tatu. Na nyumba ya eedo ikaangukia kwenye tatu. Tena nikashukuru. Siku moja kabla nilikunywa chai kwake, na ingawa tunakatazwa kabisa kumfundisha mtu majibu, nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Eedo, kesho nitakuja na mashine nikuulize mambo ya maziwa. Nijibu kama yalivyo." Akanitazama, akatabasamu pembeni, akanipiga paja. "Nimekuelewa, eedo." Nikaenda kulala moyo mweupe.

Kumbe alivyoelewa yeye na nilivyosema mimi ni mbingu na ardhi.

Kesho yake nilikaa mbele yake kwenye mkeka, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, maana siku hizi kila mahojiano yanarekodiwa sauti, na Nairobi wanasikiliza wajue hujajitungia. Nikauliza, "Una ngamia wangapi wanaokamwa?"

"Ngamia?" akasema eedo, kama mtu aliyeulizwa habari za meli. "Ngamia gani? Ukame umemaliza."

Nyuma yake, mlangoni, mtungi wa asubuhi umefunikwa kitambaa. Wenyewe huifukiza mitungi kwa moshi wa kuni kabla ya kutia maziwa, na nyumba nzima ilikuwa inanukia.

"Kwa siku unapata lita ngapi za maziwa?"

"Kikombe cha watoto. Siku nyingine hakuna. Andika hivyo, hakuna." Kisha akainama karibu na tableti, akapaza sauti ili mashine isikie vizuri. "Andika na goti langu pia."

Nilimkodolea macho. Nikarudia swali, ninaruhusiwa mara moja. Akarudia jibu, safari hii na kilio kidogo ndani yake. Wallahi, mwanamke yule angeweza kuigiza. Nikaandika sufuri. Kidole changu mwenyewe ndicho kilichoiandika, kwa sababu sauti ilikuwa imesharekodiwa, na fomu ikitofautiana na sauti, mahojiano yanatupwa na mimi natupwa nayo.

Nilipozima mashine nilimwakia. "Eedo, umefanya nini? Nilikwambia useme kama yalivyo!"

"Nimesema," akajibu, ananimiminia chai yenye maziwa yale yale. "Wewe mtoto, umesahau mwaka ule wa njaa?"

Sikuwa nimesahau. Walikuja watu na karatasi zao, wakauliza kila nyumba ina nini. Eedo akasema ukweli, ana mbuzi kadhaa. Jirani yake akawaficha wake korongoni, akasema hana kitu. Jirani akapewa unga mpaka mvua ikanyesha. Jina la eedo likakatwa, na mbuzi wenyewe wakafa mwezi uliofuata. Tangu siku hiyo ana kanuni yake, na si yeye peke yake: "Mwenye karatasi haambiwi ulicho nacho. Anaambiwa unachokosa." Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na huku kwetu kila mtu ameshaumwa na karatasi.

Na hilo ni moja. La pili, mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Eedo hajui idadi ya ngamia wake, mwulize majina. Atakutajia mmoja mmoja, na mama yake, na bibi yake, na yupi ana wivu, na yupi hakubali kukamwa mpaka umwimbie. Akikosekana mmoja machungani anajua kwa kutazama nyuso. Lakini kusema wako kumi na ngapi sijui, tena kwenye mashine inayoweka sauti ili watu wasiowajua wasikilize? "Unataka jicho liwaue?" akaniuliza, na hapo hakuwa anatania.

Nikamwambia hawa si watu wa msaada, ni wafanyabiashara. Nikamweleza mtambo, gari, mijini. Nikamwambia mfanyabiashara hanunui kwa mtu asiye na kitu. Alinisikiliza kwa huruma, kama ninavyomsikiliza mama anapoota kurudi Lamu.

"Eedo," akasema, "mfanyabiashara anayetaka maziwa anakuja na mtungi. Haji na maswali."

Niambie ungemjibu nini. Maisha yake yote ameuza maziwa, na hajawahi kuona mnunuzi wa namna hiyo.

Nyumba zilizobaki zilikuwa hivyo hivyo. Hakuna, kidogo, kikombe cha watoto, ukame. Mama mmoja aliniambia hana hata ngamia mmoja, na ngamia mwenyewe akaingiza kichwa juu ya ua akatutazama. Tukatazamana wote watatu. "Wa mgeni huyo," akasema mama. Nikaandika sufuri.

Jioni nilimpigia msimamizi wangu Nairobi. Ni kijana mwenye adabu, sina ugomvi naye. Nikamwambia majibu yote ya kituo kile ni ya uongo. Akashtuka, "Umeyatunga?" La, nikamwambia, sikuyatunga mimi, wametunga wao. Nikamweleza unga, mbuzi, jicho.

"Dada, mimi nakuamini," akasema. "Lakini mteja halipii imani yangu. Andika kwenye sehemu ya maoni."

Sehemu ya maoni ilikuwa ya maneno machache sana. Nilipofika kwenye mbuzi wa jirani ikakataa kuendelea.

Basi nikasema sitakubali. Asubuhi tatu mfululizo nilisimama barabarani pale kituoni kabla ya jua kutoka, nikahesabu mitungi inayopakiwa kwenye malori. Nikapiga picha. Wanawake waliniona, wakacheka, wakadhani namsubiri mtu. Mitungi ilikuwa mingi, nakuapia, mtambo ule ungejaa na kumwagika. Nikatuma kila kitu Nairobi. Yule kijana akanishukuru, akasema kazi nzuri sana, ila haiko kwenye mpango wa utafiti, kwa hiyo wataiweka mwisho wa ripoti kama kiambatisho. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Sijapata kumwona mkurugenzi aliyefika kwenye kiambatisho.

Halafu likaja tumaini. Mkuu mwenyewe wa ile kampuni ya maziwa alisema anataka kuja kujionea kabla hajaamua. Nikatumwa niwe mkalimani wake. Nilifurahi, sikufichi. Nilijua macho hayaandikiwi sufuri: akija tu, atayaona maziwa.

Alikuja na magari mawili. Mtu mzima, mpole, anasalimia kila mtu kwa mikono miwili. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwenye darasa la mabati la shule, na nilipoingia nikasimama mlangoni. Wote walikuwa wamevaa nguo zao mbovu kuliko zote. Eedo, ambaye hata sokoni haendi bila dhahabu yake masikioni, alikuwa masikio matupu, na amejitanda shuka ambalo nilikuwa nalijua: ndilo analofunikia kuni.

Lakini mgeni ni mgeni. Hata kama umeamua kuwa maskini, huwezi kumkalisha mgeni kinywa kikavu. Wakaleta maziwa. Jagi la kwanza, jagi la pili, jagi la tatu, yana povu, yananukia moshi. Mkuu akanywa kikombe, akasifu, akaongezewa. Nikamtazama, nikimwomba Mungu moyoni: aone, aone, huyu mtu ayaone haya anayoyanywa yametoka wapi. Akajifuta mdomo. Akaniomba niwaulize kama wana maziwa ya kuuza.

Eedo hakungoja nifasiri. Akasimama, mkono kwenye goti, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Ngamia hakuna, mkubwa. Masiwa hakuna. Njaa tu. Hii masiwa unakunywa, tumeombaomba kwa watu kwa sababu yako."

Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Yule mkuu akaweka kikombe chini polepole, na nikaona amesikia uchungu kwamba amekunywa maziwa ya watu wenye njaa. Kisha akanigeukia.

"Dada, wewe ni mtu wa hapa. Niambie ukweli. Maziwa yapo au hayapo?"

Kiswahili cha kuelewa swali lile kila mmoja alikuwa nacho. Eedo alinitazama, mwanamke aliyenilisha, anangoja nimuunge mkono. Niseme nini? Niseme huyu mama anasema uongo, mbele ya wenzake wote, mbele ya mgeni? Nitaje mifugo yake kwa sauti, jambo ambalo hata wanawe hawalifanyi?

"Yapo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Lakini watu hapa hawahesabu."

"Yapo kiasi gani?"

Nikamtazama eedo. Nikatazama chini. Idadi ya mitungi ilikuwa kichwani mwangu, ya asubuhi zote tatu, mpaka leo iko. "Sijui, mkubwa," nikasema.

Nilimweleza yote garini, tukirudi Garissa. Nilisema mpaka nikakohoa. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, taratibu, kwamba pengine ni kweli. "Lakini nitaenda kuwaambia nini wenzangu wa bodi? Kwamba wenyewe wamesema hawana, sauti zao zimerekodiwa, nami nimewasikia kwa masikio yangu, ila dada mmoja amenitolea siri njiani? Na zile sufuri ni wewe uliyeziandika." Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, ningepata pa kumchukia.

Mtambo ulikwenda sehemu ya tatu. Nasikia kule mwenyekiti wao aliwakalisha watu mapema akawapanga la kusema, wakataja maziwa maradufu, na sasa mtambo haujai hata nusu. Ripoti nililetewa nakala. Kituo cha eedo kina mistari miwili: eneo halina maziwa ya biashara, na wakazi wanategemea misaada. Yote imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja, na ni mimi niliyeikusanya. Niliisoma mara nyingi, kisha nikaenda kupika, ningefanya nini kingine.

Eedo alipanda lori miezi minne mingine. Wa tano goti likakataa kabisa, wakamshusha kwa kumbeba. Aliuza ngamia wa maziwa mmoja mmoja, na kila mmoja aliyeuzwa mama alinipigia simu kunitajia jina lake. Sasa yuko kwetu. Anakaa na mama kwenye mkeka, tasbihi mkononi, na asubuhi anaamka saa ya kukama, anakaa tu kitandani, mikono mapajani.

Juzi nilikuwa najiandaa kwa safari ya kazi, tableti iko mezani. Akaiona.

"Wale watu wako wa maziwa," akaniuliza, "bado hawajaleta kitu?"

"Bado, eedo."

Akanikamata mkono, akanivuta nikae, akanipapasa kama alivyokuwa akinipapasa nikiwa mtoto nimelia.

"Usiwe na wasiwasi, eedo. Watakuja. Mimi niliwaambia sina kitu, na sasa hata wakija kuangalia watakuta ni kweli."